Mutoto Aliyetapika kwa Lori

Safari ya kwanza, ile ya Mansa, Princesse alitapika mara nne. Safari ya pili, ya Kawambwa, akatapika mara sita, na ile ya sita hakukuwa tena kitu cha kutoka isipokuwa maji ya njano yenye kuchoma koo. Alipofika uwanjani alikuwa kama nguo iliyokamuliwa. Ticha Patson, mwalimu wa ragbi, alimuacha acheze dakika kumi, kisha akamutoa na kumulaza kando ya mustari, koti usoni kuzuia jua.

Na si kwamba alikuwa mutoto mulegevu. Hapa Kashikishi, Princesse anatoa samaki kwenye mitumbwi mpaka sokoni, beseni moja kichwani na ingine kiunoni, na anaimba. Ana miaka kumi na saba. Pale wasichana wa ragbi wanapoinama, vichwa kwa vichwa, wasukumane timu na timu, ile wanaita skramu, yeye ndiye anawekwa mbele, na wenzake wote wanaegemea mugongo wake. Hata ile siku walipovuka ziwa kutoka ng'ambo ya Congo, yeye angali na miaka kumi, mawimbi yakipanda kuliko kichwa cha mupiga kasia na watu wazima wakimwaga matumbo yao, ni yeye na bibi yake tu waliofungua kitambaa wakala muhogo.

Lakini midomo ya soko haiulizi habari za mutumbwi. Rosaria, mama mumoja mwenye kuuza chisense kavu, samaki wadogo kama dagaa, alisikia mambo yote kwa binti yake Esnart, aliyekuwa katika timu ileile. Akaweka mikono kiunoni.

“Musichana anatapika asubuhi, tena anatapika, na munaniambia ni motoka,” akasema. “Sawa. Hiyo motoka inaitwa nani? Baba yake ni nani?”

Wanawake wakacheka mpaka nzi wakasahau samaki. Kufika Jumapili, hata kanisani, watu walikuwa wanamutazama Princesse chini ya kifua, si usoni.

Bibi yake, Kambo Pierrette, hakugombana. Huyu ni mama ambaye akipika maharagi hafunuifunui chungu. Alimupeleka mujukuu wake kliniki, akapimwa, wakapewa karatasi: hakuna mimba. Akatembea na ile karatasi mpaka sokoni, akaiweka kwenye meza ya Rosaria katikati ya mafungu ya chisense. Rosaria akasoma, akasoma tena.

“Mayo,” akasema kwa heshima, “karatasi inaona jana. Kesho haiioni.”

Basi jambo likafika kwa Mulumba. Mulumba ni mutoto wa Kambo Pierrette, yomba wa Princesse, maana kaka ya mama yake, na katika ukoo wao neno la yomba juu ya mutoto ndilo linalofunga mulango. Kambo na mujukuu wake walimukuta nyuma ya nyumba anashona wavu. Hakuinua kichwa.

“Mama, mi najua mutoto hana kitu. Karatasi niliiona. Lakini kila akienda na ile timu, jina yake inarudi imechafuka. Kesho nani atamuoa? Tena nani atanunua samaki kwa mukono yake? Ragbi iishe.”

Princesse alikuwa anasimama mulangoni. Hakulia. Alikunja tu vidole vya miguu ndani ya muchanga, na Kambo akaona. Mwaka mumoja kabla ya hapo, mutoto huyu hakuwa anasema na mutu. Ni ragbi iliyomufungua kinywa. Alikuwa anarudi jioni na magoti yenye kuchubuka, anahadisia, anacheka, anaonyesha kwa sufuria namna ya kushika mupira.

“Mulumba,” akasema Kambo, “Jumamosi wanaenda Puta. Muache aende mara moja ingine.”

“Na akitapika?”

“Akitapika, iishe. Sitasema neno.”

“Nani ataniambia kweli? Wale wasichana beko marafiki, batamufichia.”

“Mimi nitakuwa pale. Nitaenda naye.”

Sindano ya wavu ikasimama. “Wewe, Mama? Kwa lori?”

“Kwani lori inauma?”

Jumamosi, jua halijapanda, lori la Goodson lilikuwa linanguruma mbele ya soko. Goodson alikuwa anaenda Puta kutafuta samaki, na kwa kuwa alikuwa anaenda na vikapu tupu, alikubali kubeba timu. Juu ya lori alikuwa amefunga hema kubwa ya kijani, imekazwa na kamba pande zote, kuzuia vumbi. Ndani mulikuwa giza, na harufu ya samaki wa jana, na ya mafuta ya mazutu yaliyomwagika kwenye mbao.

“Kambo, kuya apa mbele na mimi,” Goodson akamuita. “Mutu mukubwa hakai na vikapu.”

“Asante, baba. Nitakaa na mutoto wangu.”

Wasichana watatu wakamusukuma matako, akaingia. Kila mumoja alikuwa na dawa yake kwa Princesse. Chileshe, kapiteni, alimupa ndimu ya kunusa. Mwingine alileta gazeti, akasema likiwekwa juu ya tumbo chini ya shati, tumbo linatulia. Mwingine akasema makaa kidogo chini ya ulimi. Princesse akakubali yote. Akakaa na ndimu puani, gazeti tumboni, na mudomo mweusi kama mutu aliyekula usiku bila taa. Esnart, binti ya Rosaria, alikaa mbele yake, macho hayahami.

“Unanitazama nini?” Princesse akauliza.

“Mama alinituma nihesabu,” Esnart akajibu, na walau alikuwa na haya kidogo.

Lori likaondoka. Kwenye lami haikuwa mubaya. Lakini pale lami inapoisha na njia ya Chienge inaanza mashimo yake, lori likaanza kwenda kama bata: kushoto, kulia, kushoto, kulia. Chini ya hema hakuna aliyeona inakoenda. Mutu anasikia tu mwili wake unatupwa huku, na macho yanamwambia kwamba amekaa. Kambo Pierrette aliona uso wa mujukuu wake unakuwa rangi ya majivu. Akamushika mukono.

“Vumilia, mama. Vumilia.”

Na palepale akasikia kitu ndani yake mwenyewe. Kilianza chini, baridi, kama samaki anageuka. Jasho likamutoka nyuma ya masikio. Akameza mate. Akafikiri juu ya Mungu. Kisha akakamata kikapu cha kwanza kilichokuwa karibu, akaweka uso ndani yake, na chai yote ya asubuhi pamoja na mukate ikatoka kwa nguvu ambayo hakujua kama angali nayo.

Sasa, kikapu cha samaki kimesukwa ili maji yapite. Chai ikapita. Ikamwagikia miguu ya Esnart.

“Simamisha,” Chileshe akapiga ngumi kwenye kabini. “Goodson, simamisha. Kambo anakufa.”

“Sikufi,” Kambo akasema ndani ya kikapu.

Lori likasimama. Princesse aliruka wa kwanza, akamubeba bibi yake kama beseni na kumushusha chini ya mwanga. Kambo akachuchumaa kando ya njia. Akatapika tena. Princesse alimushika kichwa, akamupangusa na kitenge chake, na wasichana wote wakasimama kwa mustari wanatazama, na hakuna aliyejua kama ruhusa ya kucheka iko.

Ilikuwa pale, mikono juu ya magoti, Kambo Pierrette alipokumbuka lori lingine. Alikuwa muke kijana, tumbo la Mulumba miezi mitatu, akipelekwa Pweto kwa bwana wake juu ya magunia ya mihogo, chini ya hema kama hii. Alitapika njia yote. Mama mukwe akafurahi, akasema mutoto huyu ni mwanaume, ana vita. Na tangu ile siku Kambo hakupanda tena motoka ya mbali. Alitembea kwa miguu, alipanda baiskeli, alipanda mutumbwi. Na miaka yote ile alikuwa anahadisia watu namna Mulumba alivyomutesa akingali tumboni.

Akainua uso. Mbele yake, kati ya nyumba mbili za udongo, ziwa lilikuwa limelala, la buluu, na mbali sana mutumbwi mumoja kama kijiti. Akatazama kile kijiti. Na kadiri alivyotazama, yule samaki ndani yake akapunguza kugeuka, akatulia.

“Princesse. Wewe unasikia je sasa?”

“Apa chini, muzuri, Kambo. Ndani mule njo mubaya.”

“Ndani hatuoni mbele,” Kambo akasema polepole, kama mutu anayetafuta sindano kwa vidole. “Kwa mutumbwi unaona maji inakuya, tumbo inajitayarisha. Apa tunatupwa kama magunia. Ticha, hema hiyi itoke.”

Ticha Patson, aliyekuwa ameshuka kutoka kabini, akajikuna kichwa. “Kambo, vumbi yote itaingia. Tutafika kama matofali.”

“Ndiyo.”

“Na jezi tumefua jana,” musichana mumoja akanung'unika.

Chileshe akatazama lori, akatazama Princesse. “Bila yeye, wale wa Puta watatusukuma mpaka ndani ya ziwa,” akasema. “Mimi bora nikule vumbi. Nani anakataa?”

Hakuna aliyekataa, hata Esnart, aliyekuwa anasugua miguu yake na majani. Goodson alilalamika juu ya kamba zake, kisha akapanda mwenyewe kuzifungua. Wakakunja hema nyuma. Kambo na Princesse wakasimama mbele kabisa, mikono kwenye chuma nyuma ya kabini, ziwa upande wa kushoto.

“Usitazame miguu,” Kambo akamuambia. “Tazama pale njia inaishia.”

Wakaenda. Vumbi likawavaa. Lori likaenda kama bata, na wao magoti yao yakaenda nalo, kama watu wanaosimama ndani ya mutumbwi. Mara mbili Princesse alimeza mate kwa shida, na mara mbili Kambo akasikia mukono wake unakaza kwenye chuma. Baada ya kilomita nyingi, mutoto akaitema ile makaa, akatoa gazeti chini ya shati, akalitazama.

“Kambo, kuko chakula?”

Kulikuwa na mihogo ya kuchemsha na samaki ya kukaanga, ndani ya sufuria. Akala akisimama, na vumbi pamoja.

Wakaingia Puta wote rangi moja, nyekundu toka nywele mpaka viatu, macho tu yanang'aa. Wasichana wa Puta wakaanguka kwa kucheka. “Timu ya matofali imefika,” wakapiga kelele. “Tujenge nyumba.”

“Jaribuni kutubeba,” Princesse akawajibu.

Kambo Pierrette hakuelewa yote aliyoona ile siku. Hakuelewa juu ya nini mutu mwenye kukimbia mbele anatupa mupira nyuma, wala juu ya nini muamuzi anapiga filimbi wakati mambo yanaanza kuwa matamu. Lakini skramu aliielewa. Aliona mugongo wa mujukuu wake unashuka, unajaa, na wale wa Puta wanarudi nyuma, hatua moja, hatua mbili, miguu inachimba nyasi. Na karibu na mwisho akamuona anatoka pale na mupira kifuani, wasichana watatu wamemushika, mumoja shingoni, mumoja kiunoni, mumoja anaburuzwa kwa muguu, na yeye anatembea tu. Hakukimbia. Alitembea nao wote mpaka ng'ambo ya mustari, akauweka mupira chini taratibu kama mutu anashusha beseni.

Puta walishinda kwa pointi tano. Princesse alicheza mpaka filimbi ya mwisho.

Kurudi, walikaa juu ya vikapu vilivyojaa, hema nyuma yao, na mutoto hakutapika. Kambo naye alisimama mbele, hakutapika.

Kufika Jumatatu, Esnart alikuwa amehadisia yote, na chai, na kikapu, na miguu yake. Kambo alipopita sokoni, Rosaria alitoka nyuma ya meza, akapiga magoti nusu, mikono ikipiga makofi polepole kwa adabu ya Kibemba.

“Mayo, tunasikia ulitapika kwa lori,” akasema, na mashavu yake yalikuwa yanatetemeka. “Tukupe pole, ao tukupe hongera?”

“Hongera, mama,” Kambo akamujibu. “Nina miaka makumi sita na nane. Unisaidie kutafuta baba yake. Asikuwe tu Goodson, ule ana madeni.”

Soko lote likalipuka. Rosaria mwenyewe alishika meza ili asianguke, akafuta machozi na kitenge. Kisha akachota chisense vikombe viwili, akavifunga ndani ya karatasi.

“Za mutoto,” akasema, sauti yake ya kweli sasa. “Akule, apate nguvu ya kurudi Mansa.”

Mulumba alikuwa palepale nyuma ya nyumba na wavu wake. Kambo akakaa kwenye kigoda, akapumzisha miguu.

“Mulumba, mutoto hakutapika. Na niko na neno. Nilikusingizia.”

“Mimi? Lini?”

“Ile kutapika kwa njia ya Pweto. Haikuwa wewe. Ilikuwa lori.”

Mulumba akaweka sindano chini. “Miaka makumi ine na mbili, Mama. Kila harusi, kila kilio, unahadisia watu vile nilikutesa. Hata muke yangu ulimuambia siku ya kwanza.”

“Njo vile. Unisamehe.”

Akatikisa kichwa, na mabega yake yakaanza kucheka kabla ya mudomo. Princesse alikuwa anasuka nywele upande wa mulango, au alijifanya anasuka. Vidole vyake vilikuwa vimesimama.

“Mansa ni lini?” yomba wake akauliza, bila kumugeukia.

“Jumamosi ya pili, Yomba.”

“Na mama ya Esnart anasema nini sasa?”

“Alinitumia chisense.”

Mulumba akavuta wavu karibu, akatafuta tundu, akalikosa, akauacha.

“Ile hema ya Goodson, kamba yake imeoza,” akasema. “Ntamupelekea kamba ya wavu, akunje muzuri. Apana kufunguafungua njiani.”

Princesse akatoka mulangoni, akachuchumaa karibu naye. “Yomba, kuya pamoja na sisi. Uone.”

“Mimi? Kwa lori?” Akamutazama mama yake, akamutazama mujukuu wa mama yake, na kidogo akajishika tumbo.

“Nitasimama upande gani?” akauliza.