Doa Jekundu Chini ya Mlima

Mdogo wangu ni mpiga picha wa ofisi yetu ya utalii, na pale kazini wanamwita Fokasi. Ukimweka mbele ya mlima atauona mpaka ufa wa mwisho. Ukimweka mbele ya mke wake atauliza chumvi iko wapi. Namsema kwa sababu tumetoka tumbo moja na haki hiyo ninayo. Wewe ukimsema, tutagombana.

Baada ya miaka saba ya ndoa, mke wake alikuwa amerudi kwao. Wifi yangu huyo ni mpole, na mpole akichoka, ndiyo basi tena. Alisema alimfuata mume wake kule kwenye mlima alikokuwa anapiga picha, akamuaga kwa mdomo wake, akajibiwa na kisogo, akaenda zake. Fokasi akaapa kwamba hakuagwa. Tukakutana pande zote mbili sebuleni kwa mama mkwe wake, na hapo pia akakazana kwamba mkewe aliondoka kimyakimya kama mwizi. Wifi hakupandisha sauti. Alisema mengine yote angeweza kuyameza, lakini harudi kwa mwanaume anayemwita mwongo mbele ya mama yake mzazi, labda aombe radhi. Fokasi akajibu kwamba haombi radhi kwa jambo ambalo halikutokea. Kikao kikavunjika, soda zikabaki mezani hazijafunguliwa.

Sasa mimi, pale ofisini, ndiye ninayeendesha mashine ya macho. Si uchawi. Mtu anakaa mbele ya skrini, anaonyeshwa picha za maziwa, misitu na milima, na kamera ndogo chini ya skrini inafuata mboni zake zinakokwenda. Mwisho mashine inapaka doa jekundu pale macho yalipotua zaidi. Watalii tunawaomba palepale mapokezi wakiwa wanasubiri ramani. Mkurugenzi anaipenda sana mashine hii, kwa sababu mdomo wa mgeni una adabu, atakwambia kila kitu ni kizuri, lakini macho hayana pazia. Picha ya ziwa tuliyojivunia miaka yote ilipata doa moja tu, nalo lilikuwa kwenye mlango wa choo. Ile ya msitu, mzee mmoja aliitazama mpaka akasinzia, mashine ikatuarifu kwamba mtu huyu hana macho.

Wiki hiyo tulikuwa tunachagua picha moja ya bango kubwa la uwanja wa ndege. Fokasi akaleta mlima wake, ambao alishinda nao tangu alfajiri akingoja wingu liondoke kileleni. Kwa kweli ulikuwa mlima hasa. Nikamsifu, na hapo nilikosea, maana mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Papo hapo akaanza kunieleza jina lake liandikwe kona ipi ya bango.

Nikaketisha watalii mmoja baada ya mwingine mpaka mgongo ukaniuma. Kazi ilipoisha mkurugenzi akaja, tukakaa watatu mbele ya skrini tuone matokeo. Kilele hakikuwa na hata tone la wekundu. Mawingu vilevile. Doa lote lilikuwa chini kabisa, upande wa kulia, kwenye kinjia cha vumbi.

"Hapo kuna nini?" mkurugenzi akauliza.

Fokasi akasema hakuna kitu, labda jiwe. Nikaikuza picha. Alikuwa mwanamke, mdogo kama punje ya mchele, gauni la kijani, begi begani, ameigeukia kamera na mkono ameuinua juu.

Gauni lile nilimshonea mwenyewe. Nikamgeukia mdogo wangu, nikamkuta kaduwaa, mdomo wazi. Nilitaka kumzaba kofi, na nilitaka kumkumbatia, nikashindwa kuchagua.

Mkurugenzi wa watu, asiyejua lolote, furaha ilikuwa imempanda kichwani. Alisema hicho ndicho alichokitafuta siku zote, mwenyeji anayewapungia wageni kwa moyo mkunjufu. Akatoka mbio kumpigia simu mtu wa mabango, aandike KARIBUNI kwa herufi kubwa juu ya kichwa cha wifi yangu. Mwanamke anamkimbia mume, sisi tunamfanya mpokea wageni wa nchi nzima.

Tulipobaki wawili nikamtolea uvivu Fokasi. Nikamwambia watu wasiomjua mkeo, wasiojua hata lugha yake, wote wamemwona, isipokuwa wewe uliyekuwa na jicho kwenye kamera. Hakubisha. Alisema kwa sauti ya chini kwamba sasa anakumbuka, kuna mtu alikuja akaongea nyuma yake, naye akamwambia asisogee, asije akamtikisia kamera.

Kesho yake tukaenda ukweni. Picha niliishika mimi. Mama mkwe akamwita binti yake, na Fokasi hakungoja hata kuonyeshwa kiti. Akasema mbele yao wote wawili kwamba aliagwa, kwamba mwongo ni yeye, na kwamba anaomba radhi.

Wifi akaitazama picha. Kazi yangu ni macho ya watu, na nakuhakikishia mlima hakuugusa.

"Umeniona lini?" akamuuliza mume wake.

"Jana," Fokasi akajibu. "Ofisini."

Mama mkwe akacheka, akajifanya anakohoa. Wifi hakucheka. Akamtaka aseme alikuwaje siku ile, na Fokasi akataja vyote bila kuangalia picha: gauni la kijani, kitambaa cheupe kichwani, begi bega la kulia, mkono wa kushoto juu.

"Na uso?"

Akasema uso hauonekani, uko mbali mno.

"Nilikuwa nalia," wifi akasema. "Nilipunga mpaka mkono ukachoka. Na nilikuwa mbele yako kabisa."

Fokasi akalia palepale, mtu mzima na ndevu zake. Nikalia na mimi, sioni aibu kusema.

Radhi wifi aliipokea, na bango alikubali litundikwe, waje hao wageni. Lakini begi hakufungasha. Alisema mume wake aje kila jioni akitoka kazini, akae naye, kamera aiache, mpaka siku ambayo yeye mwenyewe atasema twende.

Bango limeshapanda. Juzi mkurugenzi akanisimamisha koridoni, amechukia. Anataka maporomoko yapigwe picha jua likizama, na jua likikaribia kuzama tu mpiga picha wake haonekani. Ameambiwa kijana yuko ukweni. Akataka kujua anafanya nini huko kila siku.

"Anamtazama mke wake," nikamwambia.

Akauliza kazi hiyo itaisha lini. Nikamwambia sijui, bosi, ana miaka saba ya kufidia.