Leseni ya Mama Mkwe

Askari alipomwashia taa kwa nyuma, fundi wa mapazia aliegesha gari mbele ya duka la vioo, akazima injini, akaweka mikono yote miwili juu ya usukani. Fimbo za mapazia zilikuwa zimechomoza dirishani, zimefungwa kitambaa chekundu kwenye ncha. Alimtambua askari kwa mwendo wake tu. Mji mzima ulimwita Sajini Pole, maana hata akikuandikia kosa, huanza kwa kukupa pole.

"Pole, dada. Taa yako ya nyuma imekufa."

"Sikujua, afande."

"Leseni?"

"Sina."

"Bado huna," alisema Sajini, akatoa kitabu chake cha faini. "Haya, mpigie mwenye leseni aje akuchukulie gari. Nitamsubiri hapa kivulini."

Leseni hakuwa nayo kwa sababu hakuwa na kibali cha kuishi nchini, na bila kibali hakuna ofisi ambayo ingempa. Sajini alilijua hilo. Lakini mkuu wa polisi wa mji ule alikuwa amewaambia vijana wake kwamba kazi yao ni barabara, habari za uhamiaji zina wenyewe. Kwa hiyo Mwalimu, jirani wa mlango wa pili, alikuja kwa miguu na chaki kwenye mkono wa shati, akaingia upande wa dereva, akamrudisha nyumbani huku akimtania kwamba sasa atamdai mapazia ya darasa zima.

Ng'ambo ya daraja, mwendo wa dakika ishirini tu, mambo yalikuwa mengine. Sheria ni ileile na kosa ni lilelile, ila mkuu wa polisi wa kule alikuwa na mtazamo wake. Dereva asiye na leseni hupelekwa kituoni, na kutoka kituoni alama za vidole vyake hutumwa uhamiaji. Huko ndiko mume wa fundi alikosimamishwa miaka mitatu nyuma, kwenye taa za barabarani karibu na fundi wa matairi, akiwa na majora mawili ya kitambaa kwenye buti. Mwezi haukuisha akawa amepandishwa ndege kurudishwa kwao. Gari lilipoletwa nyumbani, kiti cha dereva kilikuwa kimesukumwa nyuma kwa urefu wa miguu yake. Mkewe alikiacha hivyo miezi mitano, akiendesha kwa kujinyoosha hadi kiuno kinamuuma, ndipo alipojikaza akakivuta mbele. Siku ile alilia ndani ya gari, kisha akaenda kupeleka pazia la mtu.

Tangu hapo hakuendesha gari kuvuka daraja. Kazi zote za ng'ambo alizikataa.

Alikuwa akiishi na mama wa mumewe, bibi wa miaka sitini na mmoja, mwembamba, mwenye ulimi mwepesi. Yeye karatasi zake zilikuwa safi. Alikuja zamani kuwauguza wazee wawili wagonjwa, nao kabla ya kufa wakamshughulikia kibali. Mwanawe alimfuata akiwa tayari mtu mzima, na karatasi za mama hazibebi mtu mzima. Sasa macho ya mama yalikuwa yameingia ukungu. Alitia uzi kwenye sindano kwa kupapasa, na akisifia rangi ya kitambaa, mkwewe alikubali tu hata kama si yenyewe.

Daktari alisema ni mtoto wa jicho, linatibika, ila hospitali ya macho iko ng'ambo. Mwalimu aliomba ruhusa shuleni akawapeleka mara mbili, jicho moja kisha la pili. Bandeji ya mwisho ilipotolewa, bibi alimtazama mkwewe toka kichwani hadi miguuni.

"Mbona umekonda hivi?" aliuliza.

"Sijakonda, mama. Ndivyo nilivyo."

"Hukuwa hivi. Nilikuacha na mashavu."

Muuguzi mkuu alicheka. Alikuwa amekwishaliona gauni la bibi, mshono ulivyotulia mabegani, akauliza fundi ni nani. Kabla hawajaondoka alikuwa amewapa kazi ya mapazia ya wodi nzima, vitanda ishirini na vinne, yakabidhiwe baada ya miezi mitatu, na fundi aje mwenyewe kuyatundika.

Fundi alipokea. Nyumbani alikata na kushona, cherehani ikilia toka asubuhi hadi jioni, na hakusema atayafikishaje. Mama mkwe naye hakuuliza. Ila siku moja baada ya chai alimkuta mkwewe ndani ya gari, mlango wazi, anaangalia njia za vichochoro kwenye simu. Bibi akazunguka, akaingia, akakaa kiti cha pembeni, akafunga mkanda.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Unakokwenda wewe. Si unatafuta njia ya kupenya ng'ambo?"

"Natazama tu. Mwalimu ana mitihani, hawezi kukaa siku nzima nitundike mapazia. Nikipita nyuma kule viwandani, asubuhi mapema..."

"Na yule alipita wapi? Naye alikuwa anapitapita tu." Bibi aliuvuta mkanda, akaukaza. "Mwanangu mmoja wamenichukulia na sikuwa na la kufanya. Wa pili sitoi. Kama unavuka, basi nimekaa hapa, sishuki."

Fundi akaweka simu mapajani. Hakuwa amewahi kumsikia akimhesabu hivyo, wa pili.

"Sasa tufanyeje, mama?"

"Karatasi ninazo. Macho ninayo mapya," alisema bibi. "Kilichobaki ni miguu tu na hiyo klachi yenu. Nifundisheni."

Mwalimu alidhani ni mzaha mpaka alipomwona bibi Jumamosi asubuhi kwenye uwanja wa shule, amevaa viatu vya raba na amejifunga kilemba kama mtu anayekwenda vitani. Wiki ya kwanza gari lilikuwa likirukaruka kama chura. Ya pili aligonga goli la mpira, goli likaanguka, akashuka kuliomba radhi. Fundi alikaa kiti cha nyuma akishona pindo kwa mkono, na kila injini ilipozima alisema taratibu, "Anza tena, mama." Mtihani wa kwanza alianguka, gari lilirudi nyuma kwenye mlima. Alirudi nyumbani akalala bila kula. Kesho yake alikuwa wa kwanza kufika uwanjani. Mtihani wa pili akapita, na yule mtahini akamwambia hajapata kuona mtu anayetazama vioo vya pembeni kwa upendo namna ile.

Siku ya kuvuka, mapazia yalijaa garini hadi darini. Bibi aliendesha polepole mno, magari yakimpigia honi. Walipoyapita matairi yaliyorundikwa kando ya taa za barabarani, fundi aliinamisha uso. Bibi akamgusa goti, akarudisha mkono kwenye gia. Mita mia mbili mbele, askari wa kule akawapungia wasimame.

Fundi alivuta pazia moja mapajani, akajifanya anakagua pindo.

"Mama, unatembea kama konokono. Unazuia njia," alisema askari. "Leseni."

Bibi aliitoa kifuani, ndani ya mfuko wa plastiki. Askari akaisoma mbele na nyuma, akamtazama bibi, akaitazama tena tarehe.

"Ya juzi hii."

"Ya juzi, mwanangu. Nilichelewa kidogo."

Askari alitabasamu, akamrudishia. Abiria hakumwangalia mara mbili. "Ongeza mwendo kidogo basi."

Walitundika mapazia hadi alasiri, bibi akipitisha pete kwenye fimbo na kumsahihisha mkwewe rangi. Wagonjwa wenye bandeji waliuliza ni ya rangi gani, naye alizunguka kitanda kwa kitanda kuwaambia.

Jioni mume wa fundi alipiga simu kutoka kwao. Fundi alimsimulia yote, hata goli lililoombwa radhi. Upande wa pili akamsikia anacheka huku anavuta kamasi.

"Mpe mama niongee naye."

"Hayupo ndani. Yuko nje anaosha gari," alisema fundi. "Kiti amekisukuma mbele kabisa, karibu alale kwenye usukani. Subiri, nampelekea simu."