Jani la Namele Getini

Asubuhi ya ufunguzi, kabla magari ya wakubwa hayajaanza kupanda kutoka mjini Vila, Garae alichomeka jani la namele katikati ya geti jipya, akarudi nyuma, akakaa juu ya jiwe.

Nakou, mlinzi wa geti, mtu wa kisiwa cha Tanna, alikuwa anakunywa chai. Kikombe kilimganda mkononi.

"Mzee Garae, umefanya nini?"

"Macho unayo."

"Ninayo, ndiyo maana nauliza. Utanifukuzisha kazi, baba."

"Basi ling'oe."

Nakou alilitazama lile jani refu, lenye vijani vilivyopangana kama meno ya kitana, akaweka kikombe chini. Kuling'oa hakuweza, na Garae alijua hataweza. Namele ikishasimama mahali, hapo hapapitwi, wala haiondolewi na mkono wa mtu yeyote tu. Anayeivuka hutoa nguruwe, na aibu yake huwafuata watoto wake.

"Ungechomeka hata Jumatano," Nakou alinung'unika. "Jumatano yuko zamu yule wa Paama. Simpendi."

Garae hakucheka. Hakuwa amecheka tangu amzike mkewe, Merelin.

Yeye na Merelin waliletwa Vila mwaka ambao mlima wa Ambae ulitapika jivu. Serikali iliwapandisha melini kisiwa kizima, ikawapokea bandarini kwa bendi na soda, ikasema ni kwa muda tu. Wengine walirudi. Wao hawakuwa na cha kurudia. Jivu lilikuwa limelala juu ya mashamba yao ya taro, na nguruwe wao wote walikuwa wamekufa. Walipewa kiwanja mlimani nyuma ya mji. Hawakupewa hasa, waliachwa hapo. Watu wa Ambae wakauita mtaa ule Manaro, jina la mlima uliowafukuza, kwa kejeli.

Vila ni mji mdogo. Ukisimama Manaro unaona bunge, soko, hospitali na meli ya watalii, vyote unaweza kuvifunika kwa kiganja. Merelin alikuwa akisema mji huu ni sinia, ukinyoosha mkono umefika. Ilikuwa kweli, mpaka wakubwa walipojenga jumba lao la mikutano kati ya Manaro na barabara na kulizungushia uzio. Kinjia cha kushukia barabarani kikabaki ndani ya uzio. Watu wa Manaro walipolalamika, alikuja afisa na picha ya barabara mpya, akaibandika kwenye ubao. Mvua ikaila picha. Ubao nao ukaoza.

Jumba lenyewe la nini? La kujadili watu waliohamishwa na maafa. Garae alipoambiwa hivyo alidhani anataniwa.

Siku Merelin alipobanwa na kifua, gari la wagonjwa lilikuja upesi, hilo hakatai. Lilisimama barabarani, nje ya uzio, na Garae aliiona taa yake ikizunguka. Walimlaza Merelin mkekani wakamzungusha kupitia korongoni, kwenye matope ya magotini. Alikata roho humo korongoni, taa ikiwa bado inaonekana. Alizikwa na mkeka wake mwekundu aliousuka mwenyewe, na Garae akaacha kunyoa, kama mfiwa anavyopaswa. Siku ya mia ilipotimia ndugu wakaja na wembe. Aliwafukuza. Aliwaambia atanyoa kinjia kikifunguliwa.

Sasa magari yalifika. La kwanza lilisimama ghafla, na dereva akazima injini bila kuambiwa. Waziri alishuka akiwa na shada la maua shingoni.

"Kuna nini?"

Nakou alionyesha kwa kidevu. Waziri, naye mtoto wa visiwani, aliliona jani, akarudi hatua. Kisha akamtafuta mwenye nalo, akamwona juu ya jiwe.

"Baba, mila tunaiheshimu. Lakini nina wageni wa nchi nyingine humu garini."

"Hata mimi nilikuwa mgeni wenu. Mlinipigia bendi."

"Shida yako ni nini?"

"Mke wangu amefia pale korongoni kwa sababu ya uzio wako. Nataka kinjia chetu."

"Pole sana, baba. Suala la njia linashughulikiwa."

"Na nani? Nionyeshe uso wake."

Waziri aliwageukia polisi wake wawili. "Ondoeni hicho kitu." Mmoja alianza kuitazama bahari. Mwenzake aligundua kwamba kamba ya kiatu chake imefunguka, akainama kuifunga, na akaendelea kuifunga.

Basi akaitwa Chifu Kalpoi, mwenye ardhi. Garae alifurahi moyoni. Kalpoi alikuwa mtu wa mila, na babu zake nao walichezewa ardhi yao na wakubwa. Huyu atasimama na mimi, alijisemea.

Kalpoi alikuja na shati lake la sherehe. Alilitazama jani kwa muda mrefu, kisha ndevu za Garae.

"Nani amekupa haki ya kuweka namele?"

"Nimepanda daraja kwa kuua nguruwe wa meno ya duara, Chifu. Linajulikana."

"Linajulikana Ambae. Huko ukiiweka, hata mimi nitakaa chini ningoje. Hapa ni wapi?"

Garae aliitazama ardhi chini ya jiwe lake.

"Na jani umelikata wapi?"

"Kule juu."

"Kule juu kwa nani?"

"Kwako."

"Umekata namele yangu, ukaichomeka kwenye ardhi yangu, ukanifungia mlango mimi. Kwa nini hukuja nyumbani? Ungeniambia habari ya mama yule, ningeiweka kwa mkono wangu."

Garae alisimama. "Wewe? Siku ya jiwe la msingi ulikaa kiti cha mbele ukala keki yao. Kinjia hukukiona? Nije kwako kufanya nini?"

Watu walishusha macho. Chifu hatukanwi hadharani. Kalpoi alizungumza kwa sauti iliyoshuka.

"Umekosea, utaleta nguruwe. Mpaka nguruwe huyo asimame hapa, namele haing'oki."

"Basi tumeelewana," Waziri alidakia. "Nguruwe nanunua mimi. Dereva, nenda sasa hivi."

"Nguruwe wa kosa hutoka mkononi mwa mkosaji, Mheshimiwa. Ukinunua wewe, kosa umelinunua nalo."

Macho yote yakamgeukia Garae. Naye alielewa polepole adhabu yake imemkabidhi nini.

"Sina nguruwe," alisema.

"Utampata lini?"

"Nitafuga. Nitaanza na kitoto."

Nakou alipaliwa na chai.

Waziri alitaka wakate uzio pembeni ya geti waingie. Kalpoi alikataa: namele imefunga upande wote wa barabara, huwezi kutoboa kando yake ukajifanya hukuiona. Kulibaki upande wa nyuma, wa Manaro. "Na huko tunapitia wapi?" Waziri aliuliza.

"Pale mlipotuachia sisi," Garae alisema.

Walivua viatu wakaingia korongoni. Garae aliwafuata nyuma, hakutaka kukosa. Waziri aliteleza, maua yakaingia matopeni. Mama mmoja mgeni aliuliza kama hakuna njia nyingine, na mtu wa Manaro akamjibu kwamba wako wanaoishughulikia. Walipopita pale Merelin alipokatia roho, hakuna aliyejua ni pale. Garae alidhani kuwaona humo kungemtuliza. Hakukumtuliza hata kidogo. Wao walikuwa wanatoka humo hai.

Huko juu mafundi waliukata uzio mahali kinjia kilipoingilia. Wageni wakapenya mmoja mmoja. Wa mwisho alipopita, fundi alishika wavu aurudishe, Kalpoi akamzuia mkono.

"Acha. Wageni wangu wamepita hapa. Hapa ni njia." Alisema bila kumtazama Garae. "Na wewe, nguruwe wangu namtaka."

"Utampata. Siku nikimleta, nikute hapa bado wazi."

Ndani ya jumba walianza kupiga makofi. Garae alipita tunduni akashika kinjia cha zamani. Majani yalikuwa yamekifunika lakini miguu ilikijua. Aliteremka kando ya jumba, akapita mwembe mchanga uliopandwa na mkubwa fulani, akakunja kona moja, na mbele yake kukawa na geti. Upande wa pili ulikuwa barabara. Pale pale gari liliposimama siku ile.

Hakuweza kutoka. Jani lake lilikuwa limesimama kati yake na barabara. Alishika nondo za geti kwa mikono miwili.

Nakou alimtazama kutoka nje, kikombe mkononi. Kilikuwa kinafuka moshi.

"Umeshafika?" alisema. "Nilikuona unaingia tunduni kule juu, nikamimina chai. Hata sijaionja."

Nakou alikitazama kikombe, akaitazama barabara, na uso wake ukabadilika.

"Mzee, kumbe ni karibu hivi."

"Waambie waliomo ndani," Garae alisema. "Mimi nilikuwa najua."