Kilichochana Mpira wa Mashine

Limi hakuwa amesahau. Thubutu! Miezi saba ilipita tangu afukuzwe nyumbani kwa Dorah, mke wa Herman mnunuzi wa dhahabu, na kila alipoinama kufulia watu wengine mitaa ya Shinyanga, hasira ilimpanda upya.

Miaka sita aliwafulia. Mashuka, mapazia, mashati ya Herman yenye vumbi la Geita, na hata siku moja hakulalamika. Mpaka asubuhi ile Dorah alipomsukumia beseni la chupi na sidiria zake. Limi, aliyemzidi Dorah miaka kumi na mitano, akasema kwa adabu, "Hizi, Mama Jesca, mwanamke hujifulia mwenyewe." Kosa lake ndilo hilo tu! Dorah akamtoa mpaka barabarani akipiga kelele, majirani wote wasikie kwamba Limi ni mvivu na mchafu. Mwezi huohuo Herman akaleta mashine ya kufulia kutoka Nairobi, na Dorah akatangaza sokoni kwamba sasa amepata dobi asiyejibu.

Sasa, mwaka tisini na sita, dobi asiyejibu akaanza kuvuja, jiko zima likawa dimbwi. Fundi aliyeitwa alikuwa Maduhu, kaka yake Limi.

"Kaka, waambie imekufa," Limi akamsihi. "Afue kwa mikono yake, nami nimwone."

"Siwezi kusema imekufa kama inapona. Kesho nani ataniita?"

"Basi nitakushikia tochi," Limi akasema, akabeba sanduku la spana na kumfuata.

Waliwakuta Dorah, Herman, na mama yake Herman, bibi mkali aliyekuja kutibiwa hospitali ya Kolandoto.

"Shikamoo, mayu," Limi akamwamkia bibi, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Marahaba, mwanangu."

Dorah akavimba, lakini mbele ya mama mkwe angesema nini?

Herman alitaka kujua jambo moja: itengenezwe, au inunuliwe nyingine? Dorah alitaka mpya, kubwa zaidi. Bibi hakuona sababu ya kutupa kitu kizima.

Maduhu akafungua mlango wa mashine, akapapasa mpira unaouzunguka, vidole vikachomoa kitu. Limi akakiona kwenye mwanga wa tochi: waya uliopinda, wa sidiria. Maduhu, mtu mwenye haya zake, akaufumbata upesi.

"Mpira umechanika," akasema. "Nitaziba kwa mpira wa baiskeli. Hamna haja ya kununua."

Limi angenyamaza, yangeishia hapo, na Dorah angeendelea kutamba mjini.

"Umechanwa na nini, kaka?" akauliza kwa sauti, mpole kama anayeuliza bei ya chumvi.

Maduhu akamkata jicho. "Umechakaa tu."

"Miezi saba umechakaa? Si ni hicho ulichofumbata?"

"Fungua mkono, baba," bibi akamwambia Maduhu.

Akaufungua huku akitazama dari. Bibi akauchukua waya, akaugeuzageuza, akaelewa. Herman akatoka nje.

"Kumbe!" bibi akafoka. "Nguo zako za ndani unazichanganya na mashati ya mwanangu? Na mashuka ninayolalia? Na kitambaa cha meza tulicholia wali jana? Mungu wangu!"

Dorah alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Fundi, ziba," bibi akasema. "Lakini zake zisiingie humo tena. Na wewe, mkwe wangu, lete beseni. Uanze sasa hivi, nikuone."

Dorah akachuchumaa uani. Limi alikaribishwa chai, akavuta kigoda mahali pazuri pa kuona. Kila Dorah aliposugua, Limi roho kwatu. Huruma? Hakuwa nayo, wala hakuitafuta.

Alipomaliza kusuuza, Dorah akasimama na beseni, macho yakitafuta pa kuanika. Kamba ilikuwa moja tu, kando ya seng'enge inayotazama barabara, na wanaume walikuwa wakipita kwenda gulioni. Akanyoosha mkono achukue kanga iliyokuwa ukutani, azifunike.

Limi akawahi. Akaivuta kanga, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya kigoda na kuikalia.

"Anika tu, Mama Jesca," akasema. "Jua lipo."