Yungiyungi Nje ya Beseni

Samaki wa mwisho alikuwa bado anatapatapa kwenye tope nilipolipata tundu kwenye sakafu ya bwawa. Halikuwa kubwa, kidole changu cha mwisho kilipita kwa taabu. Mzizi wa yungiyungi ulikuwa umeshapenya, mnene, mweupe, ncha yake kali kama sindano ya magunia. Nikauvuta kwa hasira, ukaja mzima, na plastiki ya sakafu ikapasuka pamoja nao.

Hebu niambie, lipi hapo lilikuwa gumu kuelewa? Miaka kumi na moja nachimba mabwawa ya bustani za watu, na jambo la kwanza ninalomfundisha yeyote anayeshika jembe langu ni hili: yungiyungi la aina hii hupandwa ndani ya beseni lisilo na tundu hata moja. Lina nguvu za kichaa. Ukiliachia, litameza bwawa zima kwa msimu mmoja, kisha litoboe sakafu. Mdogo wangu alilijua hilo. Nilimfundisha mwenyewe, hapa hapa nyumbani, kwenye bwawa hili ninalowaonyesha wateja.

Nikamwita. Akaja, mtu mzima mwenye mke na watoto watatu, akasimama kuwatazama samaki waliokufa. Nikamuuliza beseni liko wapi. Akajibu kwamba alilitoa miezi minne iliyopita.

"Lilibanwa, kaka. Majani yalianza kuwa ya njano. Nililionea huruma."

Huruma! Damu ikanipanda. Nilianza na yungiyungi lenyewe. Nikachukua panga nikalifyeka, majani mapana, maua, vichwa vya mbegu, nikakata bila kuangalia ninachokata. Yeye akanishika mkono, akaniambia basi, inatosha. Asingenishika, labda yangeishia kwenye majani. Nikatupa panga nikamtia ngumi ya mdomo. Ya pili ikatua puani, nikasikia kitu kinavunjika. Tukaanguka pamoja. Nikamgandamiza uso kwenye maji machache yaliyobaki, goti langu mgongoni mwake, na sitaki kudanganya, niliona raha. Mkewe alikuwa akipiga mayowe mlangoni kwamba namuua mume wake. Nilimsikia vizuri tu. Nikazidi kukandamiza.

Mdogo wangu ana nguvu kunizidi. Angetaka, angenirusha huko. Hakufurukuta. Alilegea mwili mzima, akapandisha mikono yake miwili kisogoni, juu ya mkono wangu, akapachanya vidole, akasubiri.

Mkao ule sikuwa nimeuona kwa miaka thelathini. Marehemu baba alipofungua mkanda, mimi nilikuwa nakimbia. Yeye alikuwa analala kifudifudi hivyo hivyo, mikono kisogoni, mpaka mzee achoke. Na kwa kuwa mimi nilikuwa nimeshatoroka, viboko vyangu pia alivimaliza yeye.

Nikaondoa goti mgongoni mwake. Nikamvuta kwa shati hadi ukingoni. Akatapika maji na tope, damu ikimchuruzika kidevuni, macho ameyafumba, mikono bado iko kisogoni.

"Nimekoma, baba," akasema. "Sirudii tena."

Mkewe akaja mbio, akapiga magoti, akaanza kumfuta uso kwa upindo wa gauni lake. Hakunitazama. Nilibaki nimesimama hatua mbili kutoka kwao, nikitaka kumwambia ni mimi, kaka yako.