Kivuli Kilipofika Kwenye Mkeka

Kivuli cha ukuta kilishafika kwenye ukingo wa mkeka, na Zuena akainama kuuvuta. Aliuvuta kwa mikono miwili, pole pole, ili vipande vya mihogo visirundikane. Akasogea hatua tatu upande wa barabara, kisha akapiga magoti, akavigeuza kimoja kimoja, upande uliokauka chini na ule wenye unyevu juu.

"Mama Latifa, we unafuata hili jua kama mke mdogo anavyofuata bwana," alisema Vumilia, jirani wa nyumba ya tatu, akipita na ndoo ya maji kichwani.

"Hili angalau linarudi kila asubuhi."

Vumilia alicheka mpaka maji yakamwagika begani. "Na mjukuu? Mi simuoni. Mnamfuga ndani kama yai?"

"Amelala."

Hakuwa amelala. Shakila, miezi ishirini, alikuwa amekaa chumbani, kitenge kimefunika dirisha, mikono ya sweta imeshonwa ncha ili asijikune. Kwenye viwiko na nyuma ya magoti ngozi yake ilikauka ikapasuka, na penginepo ilitoa maji. Zuena ndiye aliyesema afichwe. Macho ya watu, alimwambia binti yake Latifa, mama wa mtoto, hayana huruma. Akamsomea mtoto Ayatul Kursiy kichwani, akamvika soksi mpaka magotini, akafunga mlango. Ilikuwa zaidi ya mwaka sasa.

Ua wao hapo mtaa wa Yoba ulikuwa mdogo, na ukuta wa jirani ulikuwa mrefu. Jua la asubuhi liliangukia nje ya lango tu, kando ya barabara, mahali ambapo mji mzima wa Gitega unapita. Mihogo ilikwenda huko. Mtoto alibaki ndani.

Mchana huo Latifa alifunga meza yake ya sokoni mapema, wakampeleka Shakila kwenye kituo cha afya, kwa sababu mtoto alikuwa hajasimama hata siku moja. Nesi, dada mmoja anayeitwa Jeska, alimvua soksi. Miguu ilikuwa imepinda kidogo, kama upinde wa kuchezea wa mtoto. Alishika vifundo vya mikono, akavibonyeza, akauliza, "Huyu anaota jua lini?"

Latifa akamtazama mama yake.

"Mama, mifupa yake iko na njaa. Vitamini D mwili unaitengeneza kwa jua. Nitawapa matone ya kumpa, na pomadi ya ngozi, mumpake akitoka kuoga, ngozi ingali na maji. Asubuhi mtoe nje, mikono wazi, miguu wazi. Si jua la saa sita."

"Na hivi vidonda?" Latifa aliuliza kwa sauti ndogo. "Watu watasema ni ukoma."

"Ni pumu ya ngozi. Haiambukizi mtu. Alors, basi, ni shida mbili hizi. Mlikuwa mnaficha moja, mkazaa nyingine."

Zuena alitazama mikono yake mwenyewe. Unga wa mihogo ulikuwa bado kwenye kucha.

Usiku Zuena alikumbuka Giteranyi, kule Muyinga, alikoolewa. Mama mkwe alimpaka mtoto mchanga samli ya ng'ombe, akamlaza uchi kwenye mkeka uleule wa kuanikia maharage, umande ungali kwenye majani ya migomba, akakaa pembeni na fimbo ya kufukuzia kuku. Watoto wote watatu wa Zuena walipita kwenye mkeka ule. Athumani, mumewe, alikuwa akirudi na baiskeli kutoka ng'ambo ya mpaka, vitambaa vimefungwa nyuma, akapiga kengele mbali, kwenye njia ya mihogoni, na mtoto akageuza kichwa kabla ya mama yake. Alikuwa anauliza, kila mara vilevile, "Yameiva?" Akimaanisha maharage, au mtoto, hakuna aliyejua. Hakuna pia aliyekuwa anauliza kuhusu macho ya watu. Barabara ilikuwa mbali, na anayepita alikuwa shemeji.

Alfajiri, baada ya sala, alifumua nyuzi za sweta kwa kiwembe.

"Mama, subiri kwanza," Latifa alisema mlangoni. "Tuanze na matone. Ngozi ikipona kidogo ndiyo tumtoe."

"Mi ndiye niliyemfunika. Acha nimfunue mwenyewe."

"Watamcheka."

"Watamcheka akiwa anatembea."

Akatandika mkeka nje ya lango. Akamwaga mihogo kwenye nusu ya mkeka, nusu nyingine akaiacha wazi. Akasema bismillahi, akamkalisha Shakila hapo na chupi tu, amepakwa pomadi, anang'aa. Mtoto alifumba macho kwa lile jua, akapiga chafya. Wanafunzi wakapita, mmoja akageuka kutazama. Mwanamke wa mboga akapunguza mwendo. Zuena aligeuza vipande vya mihogo, kimoja, kimoja, asiinue uso.

Ndoo ikatuliwa chini karibu yake.

"Kumbe ndiyo hii," Vumilia alisema. Alikuwa anatazama magoti ya mtoto.

"Ni ngozi tu. Haiambukizi."

"Mi sikuuliza kama inaambukiza." Vumilia alichuchumaa. Alinyoosha kidole, akakiacha hewani, karibu na mkono wa mtoto. Shakila alikitazama sana. Kisha akakishika, akakivuta mdomoni, na vidole vyake vyenye unga vikaacha alama nyeupe.

Vumilia hakukitoa.

"Miaka yote mi nakucheka na mihogo yako," alisema.

Kivuli cha ukuta kilikuwa kimeanza kutambaa kwenye ukingo wa mkeka. Zuena aliinuka ili amnyanyue mtoto kwanza, halafu avute.

"Muache hapo hapo," Vumilia alisema. Akashika pembe moja kwa mkono uliobaki. "We vuta huko. Mi navuta huku."

Wakavuta pole pole, mihogo na mtoto pamoja, hatua tatu upande wa barabara.