Salsabil Akiandika

Baada ya hitma ya arobaini ya mkewe, mshairi Salsabil, Abdulsamad aliitundika picha ya marehemu sebuleni, nyumbani kwao Boko. Mchoraji Ansbert alikuwa amemchora mshairi huyo chumbani kwake, kalamu mkononi, mlango umefungwa nyuma yake.

Wageni waliisifu. "Huo ndio upweke wa mshairi," alisema mmoja wao. "Kaufungia ulimwengu nje ili aandike."

Nunu, dada wa marehemu, aliitazama kwa mbali. Mwaka mzima alikuwa akija kutoka Tegeta kumwona mdogo wake, na kila mara shemeji yake alimwambia kuwa Salsabil anaandika, hataki kusumbuliwa. Kisha pumu ikamuua, peke yake, chumbani humo. Sasa Nunu aliisogelea picha, akauangalia mlango kwa muda, halafu akamwita mchoraji.

"Kaka Ansbert, kitasa umekisahau?"

Ansbert aliinamisha kichwa. "Sikukisahau, dada. Kwa ndani hakikuwepo. Nilipomaliza kuchora niligonga, mumewe akaja kunifungulia."

"Na Salsabil hakukwambia kitu?"

"Aliniambia nichore kila kitu kama nilivyokiona."

Abdulsamad alisema mkewe mwenyewe ndiye aliyetaka iwe hivyo. Nunu aliishusha picha ukutani, akaifunga kwa kanga, akatoka nayo. Wanawake wengine walimfuata, pilau wakaiacha kwenye masinia. Hakuna kesi iliyofunguliwa, ila tangu siku hiyo ndugu wa Salsabil hawajakanyaga tena nyumba ile.